Klorini Inabeba Kesi ya Majani

Kipindupindu kikitangazwa Nairobi, subiri siku mbili tu. Lazima msee fulani ataibuka na video, uso karibu na kamera, sauti ya siri siri, akuambie ile dawa wanatia kwa maji inaleta saratani na wazungu wenyewe walishaiacha. Video inaingia kwa grupu ya familia, shangazi anaisambaza na mikono ya maombi, na wiki hiyo kuna nyumba chupa ya WaterGuard inarudishwa kabatini.

Kinachonikera ni kwamba huyo jamaa hadanganyi kabisa. Amechukua hadithi ya kweli yenye miaka hamsini, akaikata katikati, akakuuzia nusu. Leo nataka tuisome yote. Mimi chuo sikumaliza, hilo mnalijua, lakini hii hadithi iko wazi kwa yeyote mwenye subira ya kusoma.

Turudi 1908. Jersey City huko Marekani ilikuwa kortini na kampuni binafsi iliyokuwa ikiuuzia mji maji kutoka bwawa la Boonton. Mji ulidai maji hayakuwa safi kila wakati kama mkataba ulivyotaka. Kampuni ilikuwa na mshauri, daktari anaitwa John Leal. Wengi walitarajia suluhisho liwe kujenga mifereji ya maji taka kwa pesa nyingi huko juu mtoni. Leal akachagua njia nyingine: akatia klorini, ile ya unga iliyokuwa ikitumika kung'arisha nguo. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Tarehe 26 Septemba 1908 mtambo ukaanza kudondoshea dawa maji ya mji mzima, na mwananchi anayechota jikoni kwake hana habari.

Hebu fikiria hiyo ifanyike Nairobi leo. Tungechoma matairi.

Alipohojiwa kortini, Leal alisema hayo maji angekunywa na familia yake angewapa. Korti ikakubali kwamba mbinu yake inafanya kazi, na baada ya hapo miji mingine ikafuata kama moto wa nyasi. Mwaka 1900 Marekani ilikuwa na visa karibu 100 vya taifodi kwa kila watu 100,000. Kufika 1920 vilikuwa vimeshuka hadi karibu 34. Sifa si zote za klorini, vichujio vya mchanga na vyoo bora vilichangia, lakini yeye ndiye aliyefunga mabao mengi.

Kwa miaka sitini na kitu hivi, klorini ilikuwa shujaa. Swali ambalo karibu hakuna aliyeuliza ni hili: ukishatia klorini kwa maji, mbali na vijidudu, inakutana na nini kingine mle ndani?

Hapa lazima nieleze kuhusu majani, na nitatumia strungi kwa sababu sote tunaijua. Ukimwagia majani chai maji ya moto, rangi inatoka, na ukichuja majani rangi inabaki. Sasa chukua msitu mzima. Majani yanaanguka, yanaoza, mvua inapita juu yao na ndani ya udongo mweusi, halafu inateremka mtoni. Maji ya mto kutoka msituni ni strungi hafifu sana. Wataalamu wana jina lao refu, mabaki asilia ya viumbe hai, na sehemu kubwa ni vitu vinaitwa asidi za humiki na fulviki. Zinapimwa kwa kaboni: mito mingi ina miligramu chache kwa lita, na maji ya kinamasi yanaweza kupita 20. Nyingi zimeyeyuka kabisa, kwa hivyo kitambaa hakizishiki, na mchanga unashika kidogo tu. Zenyewe hazina noma. Babu zetu walikunywa hiyo strungi ya msitu tangu zamani.

Wahandisi wa maji walizijua kama usumbufu. Zinapaka maji rangi, watu wanalalamika. Zinakula klorini, kwa hivyo unatia dawa na baada ya muda huioni tena, na unalazimika kuongeza. Hayo ndiyo yalikuwa malalamiko yao, rangi na gharama.

Sasa tuingie Rotterdam, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mji uko mwisho kabisa wa mto Rhine, yaani kila kiwanda cha Uswisi, Ufaransa na Ujerumani kimeshatema uchafu wake kabla maji hayajakufikia. Kampuni ya maji ya mji ilikuwa na mkemia anaitwa Johannes Rook. Rook alitumia ujanja ambao watu wa viwanda vya bia waliujua vizuri: unafunga sampuli ndani ya chupa, unaipasha joto, halafu unapima hewa iliyokaa juu ya kinywaji badala ya kinywaji chenyewe. Vitu vyepesi vinavyoruka hujikusanya pale, na mashine ya kromatografia ya gesi inavitaja kimoja kimoja.

Akapima maji ya mto kabla ya klorini. Akapima baada. Baada ya klorini, mashine ikaonyesha vitu ambavyo kwa maji ghafi havikuwepo. Kimojawapo ni klorofomu. Ndiyo, ile ile ya nusu kaputi, ambayo madaktari wa zamani walimnusisha mgonjwa kabla ya kumpasua. Pamoja nayo kulikuwa na ndugu zake watatu wenye bromini, na familia hii ya wanne ndiyo inaitwa trihalomethani.

Mtu yeyote wa wakati huo angesema bila kufikiri: viwanda! Rhine ni mtaro wa viwanda, kesi imeisha. Lakini Rook hakuifunga hapo. Aliona kadiri maji ghafi yalivyokuwa na rangi zaidi, ndivyo klorofomu ilivyoongezeka. Akachukua udongo wa kinamasi uliojaa mimea iliyooza, akaukamua maji yake ya kahawia ambayo hayajawahi kuona kiwanda, akatia klorini. Klorofomu ikatoka. Akachapisha mwaka 1974.

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi kwa hadithi yote. Kila mtu alikuwa anamtafuta mwizi mwenye suti, mwenye bomba la moshi, na kumbe klorofomu ilikuwa inapikwa ndani ya mtambo wa maji wenyewe, kwa malighafi ya majani. Klorini inavunja hizo asidi za humiki vipande vipande, inajibandika kwa vipande, na baadhi yao vinakuwa klorofomu. Hakuna aliyemwaga kitu.

Mwaka huo huo Marekani, mkemia Thomas Bellar na wenzake wa shirika la mazingira la serikali, EPA, huko Cincinnati, walifikia jambo hilo hilo kwa njia yao. Na hapo siasa ikaingia. Novemba 1974 ripoti ya wanaharakati wa mazingira ilisema maji ya New Orleans, yanayotoka mto Mississippi, yana kemikali zinazoshukiwa kuleta saratani. Televisheni ikalipuka. Tarehe 16 Desemba 1974 Rais Gerald Ford akatia saini sheria ya maji salama ya kunywa, ambayo Bunge lao lilikuwa likiijadili kwa miaka. Mwaka uliofuata EPA ilipima maji ya miji 80, na klorofomu ilikuwepo kwenye maji ya kila mji uliotia klorini. Mwaka 1976 majaribio ya serikali yakaonyesha kwamba panya waliopewa klorofomu nyingi walipata uvimbe wa saratani kwenye ini na figo. Mwaka huo huo ikapigwa marufuku kwa dawa za kikohozi na za meno. Kumbe watu walikuwa wanaipiga mswaki, maze, na hakuna aliyekuwa na habari.

Hapo ndipo video ya yule msee inakatika. Klorini, klorofomu, panya, saratani, fuata ukurasa wangu. Lakini kilichofanyika baadaye ndicho cha maana.

Mwaka 1979 EPA iliweka kikomo cha miligramu 0.10 za trihalomethani kwa lita kwa miji yenye zaidi ya watu 10,000, na mwaka 1998 ikatangaza kushusha hadi 0.08. Ili ujue ukubwa wake, kwa mtungi wa lita 20 kikomo cha kwanza ni miligramu 2, chembe za chumvi ambazo ungeweza kukaa chini uzihesabu. Tafiti zimehusisha kunywa kiasi kikubwa kwa miongo mingi na saratani ya kibofu cha mkojo, ingawa kuthibitisha kwamba hiyo ndiyo sababu kumekuwa kugumu. Hatari ipo, ni ndogo, na inachukua miaka. Kipindupindu kisipotibiwa kinaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu kwa saa chache. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwenye miongozo yake: kupunguza hizi kemikali ni vizuri, lakini usithubutu kulegeza uuaji wa vijidudu kwa ajili hiyo.

Na suluhisho la wahandisi, walipokaa chini wakafikiri, halikuwa kuacha klorini. Lilikuwa kutoa majani kwanza. Mitambo mingi ilizoea kutia klorini mwanzoni kabisa, maji yakiwa bado strungi. Wakaihamisha mwishoni. Halafu wakaikazia shabu. Shabu unaijua, ile mawe meupe inauzwa sokoni. Chembe za majani yaliyooza zina chaji hasi, shabu ikiyeyuka inaleta chaji chanya, zinashikana, zinakuwa manyoya manyoya mazito, zinazama. Ukiongeza asidi ya maji kidogo kwa kipimo sahihi na kuongeza shabu, unatoa majani mengi zaidi. Maabara ya mtambo huwa na safu ya bilauri zenye mapanga madogo yanayokoroga, kila bilauri na kipimo chake cha shabu, na mtu anasimama pale anaangalia ni ipi imeng'aa. Kitu kimoja kilichonishangaza: kwa maji mengi kinachoamua utumie shabu kiasi gani ni hayo majani yaliyoyeyuka usiyoyaona, kuliko tope unaloliona.

Majani yana visa vingine pia, nitapita haraka. Yanaziba vichujio vya kisasa vya utando. Yanameza mwanga wa urujuanimno unaotumika kuua vijidudu. Na yakipita hadi kwa mabomba yanakuwa chakula cha bakteria wanaoishi humo.

Watu wa mlonge, najua mmekuja. Ni kweli mbegu za mlonge zinasafisha maji. Wanawake wa Sudan walizitumia zamani kutuliza tope la Nile, na mtafiti Samia Al Azharia Jahn aliandika sana kuhusu mbinu hiyo. Protini ya mbegu inafanya kazi kama shabu. Lakini ukisaga mbegu nzima ukaimimina, protini hiyo ni sehemu tu ya ulichomimina, mengine yote ni mabaki ya mmea yanayobaki majini. Unatoa tope, unaongeza strungi. Ndiyo maana maji ya mlonge yakikaa yanaanza kunuka. Na vijidudu havijaisha wote. Kitu kuwa cha asili hakukipi ruhusa ya kuruka maswali.

Sasa, kuna miji ilijaribu njia ya mkato. Washington, mji mkuu wa Marekani, Novemba 2000 ulibadilisha dawa inayosafiri kwa mabomba, kutoka klorini ya kawaida hadi kloramini, ambayo ni klorini iliyounganishwa na amonia. Lengo lilikuwa zuri: kloramini haitengenezi trihalomethani nyingi. Shida ni kwamba mji ulikuwa na mabomba ya zamani ya risasi, na kwa miaka mingi klorini kali ilikuwa imejenga ukoko mgumu ndani ya mabomba hayo, ukaifungia risasi isitoke. Kloramini ni pole zaidi. Ukoko ukaanza kuyeyuka. Kwa miaka mitatu hivi watu walikunywa maji yenye risasi juu ya kiwango, watoto wakiwemo, na habari ilifika magazetini 2004. Walikwepa hatari ya miongo wakaangukia ya miezi.

Flint, Michigan, nayo watu wanaikumbuka kwa risasi. Lakini kabla nchi nzima haijasikia hiyo risasi, Januari 2015 wakazi walipata notisi rasmi kuhusu trihalomethani. Mji ulikuwa umehama Aprili 2014 kutoka maji ya Ziwa Huron hadi mto wao ili kuokoa pesa. Mto una majani zaidi. Bakteria wakaonekana, klorini ikaongezwa, na majani yakafanya yale ambayo Rook alieleza miaka 40 kabla.

Na Peru? Hii mtaisikia pia. Januari 1991 kipindupindu kiliingia Peru baada ya Amerika Kusini kukaa karibu karne bila mlipuko. Mwaka huo peke yake zaidi ya watu 300,000 waliugua na karibu 3,000 wakafa. Kuna simulizi maarufu kwamba Peru iliacha klorini kwa sababu ya ripoti za saratani za Marekani. Simulizi hiyo imebishaniwa sana, na mimi naona imetiwa chumvi, kwa sababu miji mingi haikuwa na pesa wala mitambo ya kutia klorini hata kabla ya hapo. Lakini watafiti waliofika mji wa Trujillo walikuta maji ya mji hayatiwi klorini, na mabomba yanaingiza uchafu. Haijalishi sana sababu ilikuwa woga au ukosefu wa pesa. Vijidudu havikuuliza.

Tumalizie na kadi ya mwisho ya yule msee, "wazungu waliiacha". Kuna mahali walikoiacha kweli. Ni Uholanzi, nchi ya Rook. Amsterdam iliacha klorini 1983, na kufikia 2005 nchi nzima ilikuwa imeacha kuitumia kama dawa ya kawaida ya maji ya mfereji. Wanakunywa bila. Safi sana. Lakini angalia walichofanya kabla ya kuiacha. Sehemu kubwa ya maji yao inatoka chini ya ardhi. Yale ya mito wanayapitisha kwenye matuta ya mchanga ya pwani, ozoni, mwanga wa urujuanimno, makaa amilifu, hadi majani yanabaki machache kiasi kwamba bakteria wa bomba hawana cha kula. Halafu mabomba yao hayavuji ovyo na yana presha saa 24.

Linganisha na sisi. Maji mengi ya Nairobi yanashuka kutoka misitu ya Aberdare: Sasumua upande wa Nyandarua, Ndakaini upande wa Murang'a, yale ya Ndakaini yanasafishwa Ng'ethu kabla ya kuja mjini. Ni maji ya mabwawa na mito ya milimani, yaani strungi ya msitu, na mvua kubwa ikinyesha inazidi kuiva. Mombasa imepata maji ya Mzima yaliyochujwa na mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu, safi kama kioo, ndiyo maana chemchemi hazina mzigo huu wa majani. Nairobi ilianza na chemchemi za Kikuyu, lakini mji ulizidi chemchemi zamani sana.

Na maji yakishasafishwa yanasafiri. Ripoti za WASREB zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa nchini hayalipiwi, mengine yakivuja, mengine yakiibwa. Bomba linalovuja kutoka ndani linaweza kuvuta kutoka nje siku maji yakikatwa na presha ikishuka. Na kando ya hilo bomba, kwa mitaa yetu, unajua kunapita nini. Klorini kidogo inayobaki ndani ya maji hadi kwa mfereji wako ndiyo mlinzi pekee wa hiyo safari. Mholanzi anaweza kumwachisha mlinzi kazi. Wewe mlango wako hauna kufuli.

Kwa hivyo ukitaka kupiga kelele kuhusu maji, na naomba upige, uliza mambo matatu. Klorini inatiwa mwanzoni ama baada ya shabu? Trihalomethani zinapimwa mara ngapi, na matokeo yanachapishwa wapi? Nani anakata miti ama kulima hadi ukingoni juu ya bwawa? Hilo la tatu ni la tope na majani kwa pamoja, maana mteremko ukiachwa wazi, mvua moja inaleta shambani kila kitu hadi mtamboni, na shabu inayotumika kulitoa iko ndani ya bili yako.

Nyumbani, maji yakitoka na rangi, yaache yatulie, mimina ya juu kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha tia dawa ya kipimo cha maji machafu kilichoandikwa kwa chupa, ambacho kwa kawaida ni maradufu. Kitambaa kinashika tope tu. Strungi iliyoyeyuka inabaki na itakula sehemu ya klorini, na hiyo maradufu ni ya kuilisha ili ibaki ya kuua vijidudu. Funika, ngoja nusu saa. Harufu kidogo ya klorini ikiwa bado ipo, bado kuna mlinzi humo ndani.